Kadi Mia Tatu za Bildadi

Gatongora,
Ruiru.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Njau,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Najua siku hizi ukisikia salamu hiyo unapindua macho, lakini ipokee hivyo hivyo kwa sababu sina nyingine. U mzima? Kile kikohozi kimeisha? Siku uliyopiga simu ukikohoa, mama yako alinipigia asubuhi yake kuniuliza kama watu wa Leeds huvaa fulana za ndani. Nilimhakikishia kwamba wewe huvaa. Tafadhali usinifanye mwongo.

Sisi hapa tuko salama. Baridi ya Julai ilikataa kuondoka hadi Agosti ikaisha, na goti la Baba Carolyne lilipiga kelele kwelikweli, ila sasa anatembea vizuri. Carolyne yuko kidato cha tatu na amenipita kwa urefu, jambo analonikumbusha kila siku kama kwamba nimelisahau. Mama yako, shangazi yangu Tata Ngendo, nilimtembelea Gatanga wiki mbili zilizopita. Ana nguvu, anacheka, na alinibebesha mkungu wa ndizi ambao nusura univunje bega.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye WhatsApp ungenikatiza katikati, na hili nataka unisikilize hadi mwisho. Halafu kuna kitu nataka unirudishie, na hicho hakitumwi kwa simu.

Unakumbuka ulichoniambia mwezi wa tatu? Ulisema sisi walokole tunasoma Biblia vile wauza mitumba hufungua bale: tunachukua kamera, ile nguo nzuri kuliko zote, na zilizobaki tunaziacha chini zikanyagwe. Nilikukatia simu. Baadaye nikakutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao naomba uwe umeshaufuta. Leo nakiri kwamba jambo moja ulisema kweli, ingawa bado nimekasirika kidogo kwa namna ulivyolisema.

Kanisa letu hupata mstari wake wa mwaka kila Januari. Desemba iliyopita kamati ilinipa mimi kazi ya kuutafuta, na Mchungaji alitaka uendane na kichwa alichokuwa nacho tayari, Mwaka wa Kuongezeka. Nilifungua Biblia ya simu, pale pa kutafutia nikaandika neno hilo la kuongezeka, nikateremsha kidole mpaka nikakutana na mstari mtamu: kwamba hata kama mwanzo wako ulikuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Ayubu, sura ya nane, mstari wa saba. Sura yenyewe sikuifungua. Mimi ambaye mshahara wangu pale kiwandani Thika ni wa kufungua mikebe ya nanasi iliyokwisha kufungwa ili nione kilichomo, nilisoma lebo tu nikagonga muhuri.

Mstari ukachapwa kwenye bango linalokwenda kutoka ukuta hadi ukuta nyuma ya mimbari, na kwenye kadi mia tatu zenye kalenda kwa nyuma. Watu waliupenda, Njau. Uliwekwa kwenye vioo vya magari, kwenye kinyozi, kwenye mlango wa posho mill ya kusagia unga. Na kadi moja nikakutumia wewe mwezi wa pili, ulipofeli ule mtihani wa uuguzi mara ya pili. Uliniambia uliibandika kwenye friji.

Sasa nikueleze habari za Kavata, kwa kuwa humjui. Ni mama wa Kikamba anayeuza mboga Mwihoko, na amekuwa kwenye ushirika wetu wa nyumbani wa kila Jumanne tangu nilipoanza kuuongoza, miaka sita sasa. Ana sauti nene na anaimba nje ya tuni bila aibu. Mwezi wa nne mtoto wake wa mwisho, Maluki, alishikwa na homa ya mapafu. Siku nne tu. Alikuwa na miaka mitatu.

Tulimzika, tukarudi, na wiki iliyofuata tulikwenda kumwona mama yake na unga, sukari na nyimbo. Wakati wa kuondoka nilimtia kadi mkononi. Nyuma yake, juu ya kalenda, nilikuwa nimeandika kwa kalamu: Usiangalie nyuma, mama. Nilitoka pale nikijisikia nimefanya kazi ya Mungu vizuri. 

Mwezi wa tano mzima Kavata hakuonekana Jumanne wala Jumapili. Mwanzoni mwa Juni nikamfuata kwenye kibanda chake, na ukweli ni kwamba nilikwenda na ile sauti yangu ya kiongozi, nimejiandaa kumweleza ubaya wa kuacha kukusanyika. Alikuwa anamkatia mteja sukuma wiki. Alimaliza, akafunga, akampa, akafuta mikono. Kisha akatoa Biblia chini ya meza, ilikuwa katikati ya magazeti ya kufungia, akaniambia, "Beth, ile sura ya kwa kadi, ulisoma?"

Nikamjibu nimeisoma. Uongo huo nimeshautubu.

"Basi nisomee. Anzia juu."

Nilisoma nimesimama, nyanya upande huu na vitunguu upande ule. Anayesema pale si Mungu. Wala si Ayubu. Ni Bildadi, mmoja wa wale marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu baada ya kufiwa na watoto wake kumi kwa siku moja. Na kabla hajafika kwenye ule utamu wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, mistari mitatu tu nyuma, anamwambia mzee wa watu kwamba watoto wake walikufa kwa sababu ya dhambi yao. Nilifika hapo nikakwama.

"Endelea," Kavata akasema.

Nilifunga Biblia, kidole kikiwa bado ndani.

"Mimi nilisomea hiyo kwa kitanda ya Maluki. Nilitaka kujua ni nani amenipea hiyo ahadi. Nikapata ni huyu. Sasa Beth, wewe ni mwalimu, niambie. Mtoto ya miaka tatu alifanya dhambi gani?"

Mteja mwingine alikuja akataka dania, akahudumiwa, akaenda. Mimi bado nilikuwa nimeshika Biblia ya mwenyewe. Niliomba msamaha kwa maneno ambayo hata siyakumbuki, na Kavata akanijibu kwamba amesikia. Hakusema amenisamehe. Nilikwenda nyumbani nikaingia bafuni nikafungua maji ili Carolyne asinisikie nikilia.

Kwa siku tatu zilizofuata nilisoma kitabu cha Ayubu chote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa miaka ishirini na mbili ya wokovu sikuwa nimelifanya. Nilikuwa najua mwanzo wake na mwisho wake, kama mtu aliyekula mkate akaacha katikati. Mwishoni, Njau, Mungu mwenyewe anawageukia wale marafiki na kuwaambia amewakasirikia kwa sababu hawakusema ukweli kumhusu. Yaani maneno ambayo Mungu aliyakataa mimi niliyachapisha kwa rangi ya dhahabu.

Niliwaza nifanye nini na jibu likanijia kazini. Wiki hiyo hiyo mkebe mmoja ulirudishwa kutoka duka fulani umevimba. Mmoja tu. Hiral, mkuu wa idara yetu ya ubora, ambaye ni Mhindu na hula mboga tupu na hana haja kabisa na mahubiri yangu, aliamuru mzigo wote wenye namba ile uitwe urudi, kila katoni, hata ile iliyofika Busia. Bwana mmoja wa mauzo alipinga, akasema aliyelalamika ni mteja mmoja. Hiral akamwangalia juu ya miwani.

"Hii moja imerudi," akasema. "Ile ingine imenyamaza tu. Nani amekwambia iko sawa?"

Niliweka kalamu chini. Kavata ndiye aliyerudi. Je, wale wengine mia mbili na tisini na tisa? Nilimfikiria mama yule wa Mwihoko ambaye mimba zake hazikai, na mzee wa kanisa ambaye mwanawe alijinyonga, wote wana kadi, wote wamenyamaza. Jioni ile niliamua kwamba kadi zangu zitarudi, moja moja, na kwamba kila nitakayemwomba nitamweleza sababu.

Lakini kwanza nilikuwa na deni kwa Kavata, na si la maneno. Kuna jambo moja ambalo wale marafiki wa Ayubu walilifanya vizuri kabla hawajafungua midomo: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Basi nami nikaamua siku saba. Nilikuwa nikitoka kazini nashukia Mwihoko saa kumi na moja jioni, nakaa kwenye kreti la soda nyuma ya kibanda, namenya minji, zile njegere zake za kuuza. Unanijua. Kwangu kunyamaza ni mazoezi mazito kuliko kufunga. Siku ya kwanza Kavata hakuniangalia. Siku ya tatu alinisukumia gunia la minji bila neno. Siku ya sita alinipa chai. Siku ya saba nilimuaga, akasema, "Haya," na kadi hakunipa. Nami sikuiulizia.

Kisha nikaenda kwa Mchungaji kuomba bango lishushwe. Nataka umtendee haki mtu huyu, kwa sababu najua utafurahia kumchukia. Ni mtu mwema, alikesha hospitalini siku zote nne za Maluki. Alinisikiliza vizuri, akasema kwamba mwishowe Ayubu aliongezewa kweli, kwa hiyo mstari si wa uongo. Nikamjibu kwamba Ayubu aliongezewa na Mungu baada ya Mungu kumkatalia Bildadi, na kwamba watoto kumi wapya hawakuwafanya wale kumi wa kwanza wasife.  Akaniomba nisubiri Januari, bango litashuka lenyewe na hakuna atakayeumia.

"Beth, kondoo wakianza kuuliza huu mstari ni nani alisema, kesho watauliza yote."

"Si waulize, Mchungaji? Hiyo si ndiyo kusoma?"

Alisema hapana. Kwa upole, lakini hapana.

Niliomba juu ya jambo hilo siku tisa. Sikusikia sauti yoyote, na simwamini sana mtu anayesikia sauti kila mara anapotaka kufanya jambo lake. Nilichokuwa nacho ni swali la Kavata. Jumapili ya tarehe ishirini Julai, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikawaambia kanisa kwamba mstari ule niliuchagua mimi, kwamba niliuchagua bila kufungua sura, kwamba aliyeusema alikuwa anamlaumu baba aliyefiwa, na kwamba Mungu alimkemea. Nikasema kama kuna mtu kadi ile ilimuumiza akaogopa kusema, kosa si lake, ni langu. Nikawaomba wazirudishe.

Halafu mzee mmoja nyuma akasema "Amina!" kwa mazoea, na watu wengine wakacheka, na mimi pia nikacheka huku machozi yakinitoka.

Jumatatu yake nilipigiwa simu nikaambiwa nipumzike kuongoza ushirika hadi mwisho wa mwaka. Miaka sita, Njau. Iliniuma na bado inaniuma, sitakudanganya. Bango bado liko pale, na kila Jumapili nakaa chini yake, kiti cha tatu kutoka mbele, kwa sababu sikuokolewa na bango na sitafukuzwa na bango. Mchungaji bado hunisalimu kwa mikono miwili. Siku moja atalifungua lile jambo tena, na nitakuwepo.

Kadi ninazifuata. Jumamosi baada ya kufua, natembea Gatongora na Mwihoko na mfuko wa kiondo. Wengine hunipa haraka haraka kama wanaotaka mgeni aondoke. Wengine huniketisha, na hapo ndipo hutoka mambo ambayo miaka sita ya Jumanne haikuyatoa. Yule mama wa mimba aliniambia alikuwa ameitia kadi ndani ya godoro, hataki kuiona na anaogopa kuitupa. Wamboi wa saluni alikataa katakata. "Yangu ilifanya kazi," akasema, "nilipata kazi ya hoteli, Safari Park, sirudishi." Nikamwambia kazi alipewa na Mungu, Bildadi hana ofisi ya ajira. Tulicheka sana, na kadi akabaki nayo. Carolyne anasema, "Mathe, hii yako ni recall ya Biblia, kama ile ya mikebe," na kwamba anaona haya kutembea nami. Lakini nilimsikia akimweleza rafiki yake habari za Ayubu, na alizieleza sawasawa.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne baada ya ule ushuhuda, niko nyumbani sina pa kwenda kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, mlango ukabishwa. Alikuwa Kavata, na aproni yake ya kibanda. Hakuwa kanisani siku ile, aliambiwa na wateja. Aliweka kadi mezani. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi rangi ya dhahabu imepasuka.

"Huyu Bildadi nimemaliza na yeye," akasema. "Sasa nataka kujua Ayubu mwenyewe alisema nini. Lakini tusome pole pole. Na usinielezee kitu kama sijauliza."

Tangu Jumanne iliyofuata tunasoma kila wiki saa kumi na mbili jioni, sura moja, hatuongezi. Yeye na mimi tu, ingawa juzi yule mama wa godoro alikuja akakaa karibu na mlango. Katika sura ya tatu, pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, Kavata aliniuliza kama kweli hayo yako ndani ya Biblia. Nikamwonyesha. Akasoma tena kwa kidole. Akasema, "Kumbe mtu anaweza sema hivi na Mungu asimfukuze." Alilia pale kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mimi nilinyamaza, Njau. Nilinyamaza kabisa.

Ndiyo maana nakwambia kuwa uliposema tunachagua kamera ulisema kweli. Lakini hapo ndipo tunapoachana, mimi na wewe. Wewe uliona nguo zilizokanyagwa ukatoka sokoni. Mimi nimerudi kuziokota. Naamini Biblia yote ni neno la Mungu, hata pale inapomwonyesha mtu wa dini akiongea upuuzi kwa aliyefiwa, na labda hasa pale, kwa sababu mtu huyo ni mimi. Yesu aliniokoa mwaka wa elfu mbili na tatu na sioni dalili kwamba amebadilisha mawazo.

Sikuombi urudi kanisani. Nimejizuia kukuomba hilo mara tatu, ujue. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, bandua ile kadi kwenye friji, uitie kwenye bahasha ndogo niliyoweka ndani ya hii. Anwani yangu nimeshaiandika, stempu ya huko itabidi ununue. Nakuomba msamaha kwa kukutumia. Ulikuwa umefeli, umechoka, uko mbali na mama yako, ulihitaji dada akae nawe kwenye simu nawe ukae kimya ukitaka. Badala yake nikakutupia kadi nikaendelea na shughuli zangu.

La pili, keshokutwa Jumanne tunafika sura ya nane. Kavata amesema hataki niisome mimi. Ataisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, kuanzia juu, na ule mstari wa watoto hatauruka. Barua hii itakuwa haijafika, kwa hiyo nitakupigia simu saa hiyo, kwenu itakuwa saa kumi. Ukishika, hutasikia habari kutoka kwangu. Nitaweka simu mezani tu, usikilize naye.

Nisalimie wazee wote unaowatunza pale kazini, hasa yule bibi anayekuita Charlie. Baba Carolyne anakusalimu, anauliza lini utamletea ile jezi. Tata Ngendo anasema ule, uvae, upige simu. Kavata hakujui lakini amesema nikusalimie kama ndugu wa mtu anayejua kumenya minji.

Mungu akulinde katika baridi hiyo na akupe usingizi mzuri ukitoka zamu. Barua zangu zote ulizowahi kupokea zilikuwa na mstari wa Biblia hapa chini. Nimekaa na kalamu muda mrefu, na leo napaacha wazi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikasirisha,

Beth